Wakio, kuhusu huo mkutano wa Baba Zawadi

Wakio mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku, sikujibu manake mambo yenyewe si ya kujibu kwa kidole kimoja huku nakoroga uji. Wauliza umtafutie mumeo, Baba Zawadi, mkutano wa AA, wale walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wa karibu na nyumba yenu hapo Nairobi ama wa mbali kidogo, asije akaonwa na watu wa ploti. Sasa mimi kabla ya karibu na mbali nataka kujua, anayetafuta ni nani, ni yeye ama ni wewe? Nshakwambia toka zamani, mtu hupelekwa hospitali, mitingi hapelekwi.

Na hospitali apelekwe kweli, hapo sina mchezo. Umesema asubuhi mikono yatetemeka mpaka apate cha kutoa loki. Mtu kama huyo akikatiwa pombe ghafla aweza kuanguka kifafa, hata akafa, kwa hivyo daktari kwanza, usimwache ajifungie chumbani ati anajikaza kiume. Ukikwama piga 1192 ya NACADA, wale wa serikali wa mambo ya ulevi, haikati pesa, watakuelekeza.

Mitingi ni kitu kingine. Hakuna fomu wala ada, kikapu hupitishwa na kama huna wampa wa pembeni yako, jina ni la kwanza tu, na linalotakiwa ni moja, mtu awe ataka kuacha. Ndio maana nakuuliza.

Haya, najua utasema, mama kwani baba hakupelekwa? Alipelekwa. Lakini alipelekwa na yule mwenzake wa bandarini waliyekuwa wakikesha naye mangweni, si na mimi. Hata AA yenyewe ilianza hivyo, 1935 huko Akron, Marekani, Bill mtu wa mambo ya hisa yuko mji wa watu, biashara imeharibika na kiu imemkaba, akatafuta mlevi wa kuongea naye, akapewa daktari aitwaye Bob, wakaongea masaa. Mlevi humsikia mlevi mwenzake. Kwa hivyo labda niseme hapelekwi na mkewe. Ama hata hilo sijui, wako walioburutwa na wake zao na leo ni wazima. Lakini mimi nilimletea baba yako mchungaji, nikamletea mjomba wako, nikalia, halafu huyo mwenzake wa bandarini akamwambia maneno mawili steji ya Changamwe, akaenda!

Na si hilo linaloniuma. Kuna siku baba yako alitimiza mwaka bila kunywa, wakafanya mkutano wa wazi, ule ambao hata sisi tusiokunywa twaruhusiwa, ule mwingine ni wao peke yao. Nikakaanga mahamri, nikavaa leso mpya, nikaenda. Ukumbi wa nyuma ya kanisa, viti vya plastiki, chupa mbili za chai. Baba yako akasimama akasema jina lake, akasema mimi ni mlevi, halafu akaanza kuhadithia ile fizi yako ya shule, ya form one. Nyinyi mwaijua ile habari ya majambazi wa Mazeras, walivyomshusha kwenye matatu wakampora, tukauza mbuzi wa bibi. Wakio, hakukuwa na majambazi. Ilinywewa yote, na mpaka shati alilipasua mwenyewe. Na wale watu wakacheka! Si kwa ubaya, walicheka kama mtu aliyesikia yake, na yeye akacheka, na mimi nimeshika sinia la mahamri sijui niliweke wapi. Miaka yote nilimuombea laana mwizi ambaye nalala naye kitanda kimoja, na aliyeambiwa ukweli kwanza si mimi, ni watu wasiojua hata nyumba yetu iko wapi. Najua ya mitingi hubaki mitingini, lakini ile fizi ilikuwa yangu pia, kwa hivyo naisema.

Nilinuna wiki nzima. Baadaye mama mmoja akanihadithia kuhusu Lois, mkewe huyo Bill, kwamba mume alipoacha pombe na kuanza kushinda mikutanoni, siku moja Lois alimrushia kiatu kwa hasira za hiyo mikutano. Nilicheka mpaka machozi, nikasema huyu ni ndugu yangu kabisa. Ni huyo huyo Lois alianzisha Al-Anon na mwenzake 1951, ya wake na waume na watoto wa walevi. Huko ndiko nilikoenda kuongea ya fizi.

Sasa kama anayetafuta ni wewe, na naona ni wewe, basi tafuta huo wa kwako. Yeye muwekee tu karatasi mezani, siku, saa na mahali, usimkumbushe. Akitaka wa mbali aende wa mbali, wengi huanza hivyo, nauli ikimchosha atauona wa karibu. Kuna na ya Zoom. Mtu hupelekwa hospitali, Wakio, hilo sibadilishi.

Lile ulilouliza mwisho wa meseji, kama umngoje ama uchukue watoto uje huku, sijibu. Jibu ninalo, ninalo tangu Pasaka nilivyomuona pale mezani, na baba yako ameniambia ninyamaze, nami nanyamaza. Lakini ukiniuliza tena mara nyingine, sitaweza.

Mama