Ankara ya dharau haiji

Swali lenu la wiki hii, kwamba vitenzi vya Kiingereza "underestimate" na "underrate" vinatofautiana vipi, lina jibu fupi. Cha kwanza ni kukadiria pungufu: gharama, muda, umbali, nguvu za mpinzani. Cha pili ni kumpa mtu au kazi yake sifa ndogo kuliko anayostahili. Kinachoniuma mimi ni jingine: kosa lipi hudumu zaidi? Nasema la pili.

Tazameni Jumba la Opera la Sydney. Mwaka 1957 msanifu majengo wa Denmark, Jørn Utzon, alishinda shindano la kulibuni. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na jumba likamilike 1963. Ujenzi ulianza Machi 1959, michoro haijakamilika, kwa haraka ya wanasiasa. Paa lilikuwa bado halina umbo linalojengeka. Baadaye nguzo zilizokwisha kusimamishwa zikaonekana haziwezi kulibeba, zikajengwa upya. Ikachukua miaka kupata ufumbuzi: magamba yote ya paa, yaani sehemu zake zilizopinda, yachorwe kana kwamba yamekatwa kutoka kwenye tufe moja, ili vipande vyake vifanane na viweze kutengenezwa kwa wingi. Narefusha makusudi, maana watu huzitaja gharama na kulisahau tufe, na tufe ndilo lililoliwezesha jumba kusimama. Jumba lilifunguliwa 1973, kwa dola milioni 102, nyingi zikiwa za bahati nasibu.

Hiyo ndiyo "underestimate", nayo ilikwisha. Ankara zilikuja, zikalipwa. Lakini Utzon alikuwa amejiuzulu 1966, baada ya serikali mpya kumbana na kumzuilia malipo. Aliondoka Australia, asirudi tena. Siku Malkia Elizabeth alipolifungua jumba, jina la mbunifu halikutajwa. Hiyo ndiyo "underrate", na kosa hilo halina ankara ya kulifichua. Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, ilimfikia 2003, akiwa na miaka 85.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika, ukuta baina ya vitenzi hivi unanibomokea. Aliyeona jumba lile ni kazi ya miaka minne alikuwa ameshaidharau akili inayohitajika kulibuni. Ukiiona kazi ya mtu nyepesi, utampa siku chache na fedha kidogo. Hata asili yavyo inavichanganya: "estimate" imetokana na neno la Kilatini la kuthamini, lililozaa pia "esteem", yaani heshima, ilhali "rate" imetokana na kuhesabu.

Basi mwanafunzi wa Kiingereza ashike tofauti yake, asiandike kwamba gharama zilikuwa "underrated". Mimi lakini siwezi tena kushikilia kwamba kosa la pili hudumu kuliko la kwanza, kana kwamba yametengana, kwani mara nyingi la pili ndilo linalolizaa la kwanza. Nasema mara nyingi, si kila mara. Jambo likiwa jipya kabisa, hata anayelithamini kwa dhati hana cha kulipimia, na paa lile, kwa sehemu, lilikuwa hivyo.