Kuelea na kuzama: maswali yenu ya wiki hii

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kwa nini hiki kinaelea na kile kinazama, basi leo nayajibu hayo tu.

Msumari mdogo unazama, meli ya maelfu ya tani inaelea, na zote chuma. Inakuwaje?

Hili ndo swali mama. Kitu kikiingia majini lazima kisogeze maji, na maji nayo yanakisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa hayo maji yaliyosogezwa, hii aliigundua Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na mpaka leo waunda meli wanapigia hesabu zao hapohapo. Sasa lita moja ya maji ni kilo 1, chuma cha ujazo huohuo kina karibu kilo 7.8, yaani msumari unasogeza maji machache mno kulinganisha na uzito wake. Meli sio bonge la chuma, ni bakuli kubwa lililojaa hewa. Chukua kisoda cha soda, kilaze kwenye beseni taratibu meno yakiwa juu, kitaelea. Kitoe ukigonge na nyundo kijikunje kabisa hewa isibaki, kitumbukize tena, moja kwa moja chini. Chuma kilekile, uzito uleule!

Mbao zote zinaelea?

Hapana. Mwombe mchonga vinyago kibanzi cha mpingo, utupie kwenye glasi ya maji uone kinavyozama. Mpingo wa ujazo wa lita moja unafika kama kilo 1.2. Na ukubwa hauna maana hapa, kibanzi kitazama na gogo zima litazama.

Bibi anasema yai likielea nitupe, ni kweli limeoza?

Bibi yuko sahihi nusu. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, unyevu unatoka kidogo kidogo hewa inaingia, kile kifuko cha hewa upande wa butu kinakua, kwa hiyo yai linapungua uzito ila ukubwa unabaki ule ule. Ina maana yai ni la siku nyingi, sio lazima limeoza. Lipasulie kwenye bakuli la pembeni unuse kwanza.

Nimekulia Tanga sasa nipo Mwanza, mbona ziwani naona kuelea kugumu?

Hujakosea. Lita ya maji ya bahari ina kama kilo 1.025 sababu ya chumvi, yanakubeba vizuri kidogo. Hata meli ikitoka baharini ikaingia mtoni inadidimia zaidi bila kuongezewa hata gunia moja, ndo maana ubavuni wanachora alama tofauti za maji ya chumvi na maji baridi.

Baba alinisimulia MV Bukoba ilipinduka ikabaki inaelea, ilipotobolewa ndo ikazama. Tundu tu?

Ndio, tundu tu, na swali hili naliandikia kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ilikuwa imepinduka tumbo juu, hewa imenaswa ndani, hiyo hewa ndo ilikuwa inaibeba. Wakatoboa wakitaka kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ikapata pa kutokea, maji yakapanda. Kata kitako cha chupa ya plastiki, kaza kizibo, ishindilie wima kwenye ndoo kizibo kikiwa juu, utasikia inavyokataa na mkono unasukumwa. Legeza kizibo sasa: hewa inatoka inapiga mluzi, maji yanapanda ndani, na ule ubishi unaisha palepale. Hewa ya namna hiyo hiyo ndo aliyokuwa anavuta fundi wa MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, akatolewa mzima siku mbili baadaye.