Wakwe Wanakuja na Mfukoni Una Elfu Thelathini?

Jumapili iliyopita nililisha wageni nane hapa kwangu Mwanga, Kigoma, kwa shilingi 27,000, mkaa ukiwemo. Naandika kwa sababu dada mmoja aliniuliza: "Wakwe wanakuja, nina elfu thelathini tu, nifanyeje?" Mdogo wangu, hayo yalishanikuta.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, wakwe walikuja kutoka Dar es Salaam. Nikaona haya kuwapikia chakula cha kwetu. Nikakopa, nikanunua kuku wa kisasa, mchele na kreti zima la soda. Nikihangaika na kuku, wali ukaungua. Wifi mmoja akasema mbele ya watu, "Tumepanda treni mpaka mwisho wa reli tuje kula kuku wa Dar?" Nilirudi jikoni nikalia. Deni nililimaliza kwa miezi mitatu. Lile neno halijanitoka hadi leo.

Safari hii nilianza kwa kuangalia mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa; mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki, na bei inapanda. Kwa hiyo wageni niliwapangia siku za giza. Alfajiri nikashuka mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki, mwenyewe. Usimtume mtu! Mgebuka wa usiku uleule jicho linang'aa, na ukimfunua shavu, ndani ni jekundu la damu.

Sombe, yaani kisamvu, niliipika Jumamosi, maana inataka kutwangwa na kuchemshwa sana. Kisha mawese. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Yapashe kwa moto mdogo mpaka harufu ya ubichi iishe, ila yasipauke. Wekundu ukiondoka, ladha nayo imeondoka. Tia kitunguu, nyanya, nyanya chungu na chumvi, ndipo umlaze samaki uliyekwisha kumbanika kidogo juu ya mkaa. Usikoroge kwa mwiko, atavunjika. Shika sufuria kwa vitambaa uitikise taratibu. Ugali wa muhogo, ndimu, pilipili, basi.

Wanawake wenzangu, tuache kukopa kwa ajili ya macho ya watu. Mungu ametuwekea ziwa mlangoni na michikichi nyuma ya nyumba, halafu tunaona aibu! Aibu ya nini? Mgeni kuku anao kwake. Mgebuka aliyetoka majini asubuhi hana. Nunua cha hapa, nunua mapema, nunua mwenyewe. Narudia: nunua mwenyewe.

Wifi yuleyule alikuwepo. Alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akanyamaza mpaka sahani ikabaki miiba. Jioni akanifuata jikoni na chupa tupu ya maji, akaniomba mawese ya kwenda nayo. Nikamjazia mpaka shingoni, nikaifunga kwa nailoni isivuje njiani. Maneno ya zamani hakuyagusa, nami sikumkumbusha.