Pazia Likae Ukutani, Kioo Kibaki Wazi: Maswali Yenu ya Vyumba Vidogo Vyenye Giza

Safari hii nimejibu barua za mapazia tu maana zimekua nyingi na nyingi zinalalamika kitu kilekile, chumba kidogo, kina giza, na pazia jipya limezidisha. Zile ndefu nimezifupisha.

Dada shikamoo. Nimepanga chumba kimoja Mbagala, futi 12 kwa 12, dirisha moja tu la alumini futi 5 kwa 5, lina grili na wavu. Nilinunua mapazia ya kahawia mazito yenye maua ya dhahabu, mazuri kweli, ila toka nimeyaweka chumba kimekua kama kimesinyaa na saa nane mchana nawasha taa. Mume wangu anasema nitoe nibaki na shia tu, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, mi naona aibu maana dirisha linatazama koridoni watu wanapopita. Na hela ya kununua kila kitu upya sina.

Marahaba mdogo wangu. Usiyatoe kwanza, angalia fimbo ya pazia imefungwa wapi. Hujaniambia ila nyumba nyingi za kupanga hapa Dar fundi anaifunga juu tu ya fremu na inaishia palepale dirisha linapoishia, au inazidi vidole viwili, sasa hapo hata ukifungua pazia lote bado kitambaa kinarundikana juu ya kioo chenyewe. Pazia zito likikusanywa linakula kama sentimita 25 kila upande. Dirisha lako la futi 5 lina sentimita 152, toa 50 unabaki na mita moja tu na kidogo, yaani theluthi nzima ya mwanga wako umeifunika na kitambaa ambacho unadhani umekifungua. Ndo maana unawasha taa saa nane.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni fimbo ndefu, sio pazia jipya. Fimbo ya mita 2 hivi, izidi dirisha sentimita 25 huku na 25 huku, pazia likifunguliwa lilale ukutani lote na kioo kibaki wazi kabisa. Mtu akiingia anaona kitambaa kimeanzia mbali na kimeishia mbali, jicho linadhani na dirisha ni kubwa hivyo. Fimbo ya urefu huo na pazia zito kama lako iwekewe kishikizo cha tatu katikati la sivyo itapinda, na kwa kuwa Mbagala upepo wa chumvi unafika, ile ya chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu itaanza kutu na kutu inahamia kwenye kitambaa, tafuta ya alumini.

Afu ipandishe. Madirisha mengi juu yake huishia usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya dirisha, futi 7 kutoka chini, na dari liko juu zaidi, hicho kipande cha ukuta kati ya dirisha na dari pazia likianzia chini yake kinakata ukuta vipande viwili na chumba kinaonekana kifupi. Funga fimbo ibakize sentimita 10 mpaka 15 kufika dari na pazia lishuke mpaka karibu na sakafu, libakize kama sentimita 2 maana tunadeki kila siku, pazia linalogusa maji ya kudeki linaota weusi chini.

Fundi mwambie mapema anatoboa wapi. Akitoboa karibu na dirisha anakutana na zege la lenta, drili ya kawaida itazunguka tu na kuunguza ncha, anahitaji ile ya kugonga. Akipanda juu ya lenta anakuta tofali, hapo drili inaingia kirahisi lakini tofali nyingi zina mchanga mwingi, shimo linakua pana na plagi, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, inachezacheza, mtake atumie plagi ndefu na skrubu ndefu, au apigilie kwanza kipande cha mbao kilichopakwa rangi ya ukuta halafu vishikizo vikae kwenye mbao. Na asifunge kwenye jipsamu ya dari peke yake, jipsamu haibebi pazia, ni mpaka apate mbao iliyo nyuma yake.

Sasa hayo ya kahawia. Naamini yameshonwa mafupi ya usawa wa dirisha. Peleka kwa fundi cherehani aongezee kwa chini kitambaa cha rangi moja, kinachokaribiana na rangi ya ukuta wako, kipande kirefu tu kisiwe utepe mwembamba, halafu hayo yakae pembeni moja kwa moja bila kuvutwa mchana. Katikati weka shia nyeupe, upana wake mara mbili ya fimbo, kwa fimbo ya mita 2 ni mita 4. Uliza shia ya upana wa mita 2.8, Kariakoo zipo nyingi, kile kitambaa kinalazwa ubavu, ule upana ndo unakua urefu wa pazia, kwa hiyo unanunua mita 4 basi na hakuna kuunga. Ukichukua kitambaa cha upana wa mita 1.4 unahitaji vipande vitatu vya kama mita 2.8 kila kimoja, inafika zaidi ya mita 8, na mishono miwili inaonekana mwanga ukipita. Watu wengi wanaangalia bei ya mita moja wanaona kile chembamba ni rahisi, wakipiga hesabu ya mita zote inageuka.

Mume wako ana haki kuhusu shia na wewe pia una haki kuhusu aibu. Shia inaficha pale tu nje kunapokua na mwanga kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa ni kinyume, wa nje anakuona vizuri, hivyo usiku lazima uvute yale mazito. Na kama hiyo korido imeezekwa na yenyewe ni giza, hata mchana shia haitakuficha sana. Fanya hivi, nusu ya chini ya dirisha weka kitambaa cheupe cha pamba kisichoonyesha, kwenye waya mwembamba ndani ya fremu, nusu ya juu iachwe na shia tu. Mwanga unaotoka juu ya dirisha ndo unaofika mbali ndani ya chumba, ule wa chini unaishia karibu karibu hapo dirishani, kwa hiyo unapata faragha kwa kupoteza mwanga ambao haukua na kazi kubwa.

Na kabla ya fundi, kabla ya kitambaa, toa wavu wa dirisha uuoshe. Naomba sana hili mlifanye wote mnaosoma. Wavu uliokaa mwaka mzima na vumbi la barabarani umejaa kiasi kwamba ukiuinua juani unaona kivuli kizito, unahangaika na mapazia wakati mwanga umeshaishia huko nje. Loweka na sabuni ya unga, sugua taratibu na brashi laini, suuza. Grili kama ni nyeusi paka nyeupe, kopo dogo la rangi ya mafuta linatosha.

Hujambo dada, niko Nairobi, Umoja, kwa bedsita. Landilodi amesema hataki kuona shimo lingine kwa ukuta. Natumia ile waya ya springi na misumari miwili niliyoipata hapo, pazia inalegea katikati inakaa vibaya. Nimeona fimbo za kubana ambazo hazitoboi, ninunue?

Sijambo kaka. Fimbo ya kubana inafaa ikiwa ina kuta mbili zinazotazamana za kubanana nazo. Watu huiweka ndani ya shimo la dirisha, na hapo ndipo pazia linabaki juu ya kioo siku zote, giza lako litabaki vilevile. Ila bedsita nyingi ni nyembamba, pima ule ukuta wenye dirisha kutoka kona hadi kona, kama ni mita 2 au chini unaweza kubana fimbo imara juu kabisa karibu na dari, pazia likatelemka ukuta mzima, na hapo kwa kweli chumba kinabadilika maana ukuta wote unaonekana dirisha. Kitambaa kiwe chepesi, na kwenye ncha za fimbo uweke kipande cha raba kwa sababu rangi ya maji inateleza. Zile kulabu za gundi usizitegemee kwenye rangi inayoacha unga mkononi, zitashuka na rangi yenyewe na landilodi atakudai.

Kwa sasa, hiyo waya ikate iwe fupi kuliko nafasi ya misumari, kama sentimita 10 pungufu, ndo uivute ifike. Springi inakaza ikivutwa, wengi wanaikata sawasawa na dirisha ndo maana inalala.

Na jaribu kuongea na landilodi tena kwa upole. Mwambie utaweka mbao moja juu ya dirisha, utaiacha hapo ukihama, mpangaji ajaye ataikuta. Mwenye nyumba anachoogopa ni mashimo mengi mabaya, mbao moja iliyopakwa rangi wengi hukubali.

Shikamoo dada. Naishi Unguja Mji Mkongwe, chumba kirefu chembamba, dari liko juu sana, kuta nene. Nimeambiwa nipandishe mapazia mpaka juu, nimeona kama chumba kimekua kisima.

Marahaba. Umeona sawa, na ushauri niliompa wa Mbagala wewe usiufuate wote. Vyumba vya kwenu ni vyembamba kwa sababu dari linabebwa na boriti za mikoko na mkoko hauna urefu wa kutosha kufunika chumba kipana, ndo upana mara nyingi unaishia mita 3 au chini ya hapo huku urefu wa kwenda juu ukiwa mkubwa. Ukiongeza mistari mirefu ya kitambaa kutoka boriti hadi sakafu unazidisha kile ambacho tayari kimezidi. Teremsha fimbo, sentimita 15 juu ya dirisha inatosha, na ipanue pembeni zaidi ya wengine, hata sentimita 40 kila upande kama ukuta unaruhusu.

Kuna mwanga mwingine umelala hapohapo. Ukuta wa mawe na chokaa una unene wa nusu mita au zaidi, kwa hiyo dirisha liko ndani ya shimo, na mbavu za hilo shimo zikiwa chafu au zimepakwa rangi ya giza zinameza mwanga. Zipake chokaa nyeupe safi, ubavu wote wa kushoto, wa kulia, juu na chini, na pazia lisikae humo, likae kwenye uso wa ukuta wa chumbani. Utashangaa kwa gharama ya chokaa. Kutoboa mtafute fundi anayezijua hizo nyumba, plagi ya kawaida haishiki vizuri kwenye chokaa laini.

Dada, sisi tuko watu wanne chumba kimoja Buguruni, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tumegawa na pazia katikati, huku kitanda chetu huku watoto na makochi. Upande wa watoto hauna dirisha ni giza na joto, mkubwa anasoma darasa la tano anafanyia homuweki kwenye tochi ya simu. Nibadilishe rangi ya pazia?

Mama, asante kwa kuandika hili wazi, mko wengi sana kwenye hali hiyo na hakuna cha kuona haya. Rangi itasaidia kidogo. Kinachohitajika zaidi ni kugeuza chumba. Nyie wazazi upande huo mnautumia usiku zaidi, na usiku dirisha halina mwanga wa kutoa. Mtoto anahitaji mwanga saa kumi jioni. Hamisheni kitanda chenu upande wa ndani na watoto wakae upande wa dirisha, meza yake iwe ubavuni mwa dirisha, mwanga umwingilie kwa pembeni, kwa kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia ili mkono usimtupie kivuli kwenye daftari.

Halafu pazia la kugawa lisifike dari. Acha sentimita 30 juu wazi, hewa ya moto inapanda huko na inatoka, na mwanga nao unapita kwenda ndani. Kitambaa kiwe pamba nyeupe au ya maziwa, nene kidogo isionyeshe, na mchana lifunguliwe lote, lifungwe na kamba ukutani, lisining'inie nusu. Usiku taa ikiwaka upande wenu kivuli kinaweza kuonekana kwa watoto hata kitambaa kiwe kizito kidogo, taa ya kwenu ikizimwa na ya kwao ikabaki hawaoni kitu, hilo mlipange. Kioo cha kujitazamia kama mnacho kiwekeni ukuta wa pembeni karibu na dirisha, kinasukuma mwanga kwenda ndani.

La mwisho mama na nakuomba sana, mapazia mengi ya sasa ni poliesta na poliesta ikishika moto inayeyuka na kudondoka huku inawaka. Kama jiko la gesi au dawa ya mbu ya kuchoma iko chumba hichohicho, ikae mbali na pazia lolote, mita nzima, na dirisha likifunguliwa uangalie upepo unalipeleka pazia wapi.

Habari dada. Nipo Dodoma, dirisha letu la sebule linatazama magharibi. Nataka mwanga lakini jua la jioni linachoma mpaka kochi limepauka. Nizibe?

Nzuri kaka. Usizibe, ligawe kwa saa. Fimbo mbili, ya karibu na kioo iwe na shia nyeupe inayokaa siku nzima, ya upande wa chumbani iwe na pazia zito lenye mgongo mweupe, uvute kuanzia saa tisa hivi mpaka jua litue. Huo mgongo mweupe ndo utazame kioo, unarudisha jua nje kabla halijageuka joto, kitambaa cheusi kinalinyonya na kuwa kama pasi iliyowashwa. Asubuhi yote na mchana lote liwe wazi.

Kama utashona la pamba, loweka kitambaa chote kwenye maji na ukianike kabla fundi hajakata, pamba inarudi, na pazia lililopimwa vizuri mpaka chini likifuliwa mara ya kwanza linapanda juu ya kifundo. Na vile vitundu vya ringi fundi aweke idadi inayogawanyika kwa mbili, ili kingo zote mbili zigeukie ukutani, zisikutazame wewe.