Crwth: irabu iko wapi?

Mpinzani wako akiweka CRWTH kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi zenye pointi, usidhani anakudanganya, neno ni halali. Ni ala ya zamani ya Wales, kwa kawaida ya nyuzi 6, hupigwa kwa upinde kama fidla. Nyuzi 2 hukaa pembeni na kudonolewa kwa kidole gumba. Kwa Kiwelisi w huweza kusomwa kama u, kwa hiyo irabu ipo, imejificha tu: tamka “kruth”, th ya thamani. Waingereza waliiita crowd, na jina la ukoo Crowther lilianzia kwa mpigaji wake. Pointi ni 3+1+4+1+4, yaani 13 kabla ya miraba ya bonasi. Mimi huliombea siku nikishika konsonanti tupu! Ukibaki na S, bandika: CRWTHS.