Jirga na mahakama: maswali yenu kuhusu Wapashtuni

Niligusia majuzi jirga, baraza la wazee wa Wapashtuni wa Afghanistan na Pakistan. Nanyi mkauliza.

Haina polisi wala jela. Nani anaitii?

Kabla ya shauri kusikilizwa, pande zote mbili huwapa wazee waak, idhini ya kuamua. Kisha huweka machalgha, yaani dhamana: fedha, hata bunduki. Anayekaidi hukumu huipoteza dhamana hiyo. Juu ya hayo kuna aibu, na kijijini aibu ina nguvu kuliko pingu.

Kwa nini wasiende mahakamani?

Kesi ya shamba huweza kumzeesha mtu, na wakili anataka fedha. Tena hakimu husema nani kashinda, lakini kesho majirani ni walewale. Wazee hutafuta suluhu. Mkosaji anaweza kufanya nanawati: huenda na kondoo hadi nyumba ya aliyemkosea kuomba msamaha, na kumfukuza ni fedheha kwa mwenye nyumba.

Ila msisahau serikali yenyewe ilivyoichafua jirga. Kwa kanuni za Waingereza za 1901, zilizodumu katika maeneo ya kikabila ya Pakistan hadi 2018, wazee waliteuliwa na afisa wa serikali, mshtakiwa hakuwa na haki ya wakili, na kabila zima liliweza kuadhibiwa kwa kosa la mmoja. Waliokulia chini ya kanuni hizo wangeiamini sheria kwa lipi?

Ni kweli msichana hutolewa kulipia damu?

Kweli, na linaniuma kuliko yote. Pakistan huitwa swara, Afghanistan baad. Ndugu wa kiume ameua. Dada yake, pengine bado mtoto, anaozwa kwa jamaa wa marehemu ili kisasi kikome. Wazee wanaondoka wakisema amani imepatikana. Yeye anabaki katika nyumba inayomwona kama damu ya muuaji. Msiseme ni dini: dia, fidia ya damu katika fiqhi (sheria ya Kiislamu), ni mali, si binadamu. Afghanistan ilipiga marufuku baad kwa sheria ya 2009. Pakistan, kwa sheria ya 2011, iliweka adhabu ya kifungo cha miaka 3 hadi 7. Lakini nani ataripoti, ikiwa baba mwenyewe alikuwepo kwenye duara la jirga?

Basi jirga ifutwe?

Hapana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Pakistan iliamua kwamba jirga haina mamlaka ya kuhukumu kama mahakama. Inaweza kupatanisha tu, kwa ridhaa ya pande zote na ndani ya sheria. Naunga mkono. Maji na mipaka ya mashamba waachiwe wazee. Mauaji na ndoa za watoto, hapana.

Mwanamke huketi humo?

Kwa desturi, hapana. Ndiyo maana mwaka 2013, huko Swat, Pakistan, mwanamke aitwaye Tabassum Adnan alianzisha Khwendo Jirga, jirga ya kina dada, ambako wanawake husikiliza mashauri ya wanawake wenzao, swara ikiwemo.