Jenereta ya boti ikianza kupanda na kushuka, anza na dizeli

Mlio unapanda, unashuka, taa zinafifia kisha zinawaka kwa nguvu. Hapo kila aliye botini anakuwa fundi: nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini zimekufa, pampu imechoka, gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, ikazwe. Mimi gavana siigusi. Nozeli huchoka polepole. Injini iliyokuwa nzima jana na leo inakohoa, mara nyingi imekosa mafuta, hasa baada ya bahari chafu kukoroga tope lililolala chini ya tangi.

Badilisha filta, umwage maji yaliyotuama chini yake. Ikiwa bado, leta dumu safi la dizeli safi, uliinue juu kidogo ya injini. Chomoa mpira unaotoka tangini, unganisha mpira mfupi kutoka kwenye dumu, na ule wa kurudisha mafuta uuingize humo humo. Toa hewa kwenye njia ya mafuta, washa, kisha ipe mzigo, yaani vifaa vya umeme vya kuendesha. Bila mzigo hujapima kitu. Ikitulia, ugonjwa uko kati ya tangi na pale ulipochomoa, na hela ya nozeli imebaki mfukoni.

Ukipata mpira unaoonyesha ndani, utumie, utaona viputo vikipita. Upande wa kuvuta una hila yake: penye ufa hapavuji dizeli, panaingiza hewa. Unapapasa, pakavu, unasema pazima. Washukiwa wangu ni oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko cha filta, na klipu zilizolegea.

Na tundu la kupumulia la tangi, ambalo halikumbukwi kabisa. Jenereta moja niliyoitiwa ilikuwa inawaka vizuri, ikishapata moto inaanza kukabwa. Nilipolegeza kifuniko cha tangi ilisikika fyuuu ndefu, hewa ikiingia, na mlio ukanyooka palepale. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kibomba cha hewa. Waya mwembamba ukamaliza kazi.

Dumu lisiposaidia, tazama moshi. Mweusi ni mzigo kuzidi au hewa kupungua, na kwenye boti usiiache ile elbo ambamo maji ya bahari hukutana na moshi: hujaa masizi na chumvi, injini ikashindwa kutoa pumzi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, ukiwa na harufu ya dizeli mbichi, ndio unaokupeleka kwenye nozeli na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Kabla ya kushika skrubu ya gavana, weka mita inayosoma hertz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika yenye ncha nne za sumaku hutoa hertz 50. Hertz zikicheza pamoja na mlio, endelea na injini. Zikitulia huku volti ndizo zinazoruka, injini haina kosa. Muite fundi umeme aangalie kidhibiti cha volti.